Kumtoa Mama Kwenye Simu

Baba alinirudishia simu kabla mama hajamaliza hata sentensi ya kwanza.

"Si yeye huyu," akasema. "Huyu ni mtu mwingine anaongea ndani ya kopo."

Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, Ilongero, wiki chache baada ya kumzika mama. Wageni wa msiba walikuwa wameshatawanyika, sufuria za kuazima zimesharudi kwa wenyewe. Mimi nilidhani namletea zawadi. Simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa sauti ambao mama alizoea kunitumia mjini Singida, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu na redio, maana kuandika hakukupenda kabisa. Nilichagua ule wa mafuta ya alizeti kwa sababu ni mrefu, na aliurekodi kabla hajaanza kuumwa. Nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikamsogezea baba sikioni, mimi nikageukia ukuta nisisikie sana.

Sasa mtu anakurudishia mama yako anasema si yeye! Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hata wateja wangu wanajua.

"Baba, ni mama. Mama mtupu. Unamtaka yupi mwingine?"

"Mama," akaniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "mimi nimekaa na yule mwanamke tangu sina ndevu. Nisimjue?"

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Vizazi na vizazi vya waimbaji wamepita mikononi mwake, na akisikia mtu mmoja kati ya ishirini amekosea, alikuwa anamwelekezea kidole bila hata kuacha kupunga mikono. Mama alikuwa mwimbaji wake wa sauti ya pili. Sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, ya kifuani, ya kutulia, na baba hujisifu mpaka leo kwamba aliisikia kabla hajamwona mwenyewe. Kijiji kizima wanamwita mwalimu. Mama naye alimwita mwalimu, ila kinywani mwa mama neno hilo lilikuwa na utani kidogo, hasa alipotaka kumtuma kazi.

Lakini sikio la kushoto la baba lilikufa zamani, na la kulia linafuata. Daktari alituambia waziwazi kwamba masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile nzito hubaki nyuma, na kwamba kwa baba hata hizo nzito zitakwenda, lini hakuna anayejua. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Akakivaa Jumapili moja, kikapiga filimbi katikati ya sala, akakivua na kukitumbukiza kwenye kikombe kabatini. Huko ndiko kinakoishi.

Jioni ile alinisindikiza barabarani kusubiri bodaboda. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akisema mfano wake.

"Uso wake ninao, picha iko ukutani. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Nikiamka asubuhi naitafuta, siipati. Wewe si fundi? Basi mtoe humo kwenye simu, hili sikio lingali likisikia."

Nikasema sawa baba. Nilipanda pikipiki nikalia njia nzima.

Njiani nilielewa kwamba mzee alikuwa na haki. Spika ya simu ni kidude kidogo kama ukucha. Kinatoa sauti nyembamba tu, zilezile ambazo sikio la baba limeshazikosa, na zile nzito alizobakiwa nazo hakina kifua cha kuzitoa. Kwa hiyo nilipomwekea simu sikioni, nilimpa sehemu ya mama ambayo hawezi kuisikia, nikamnyima ile anayoiweza. Na sehemu hiyo nzito ndiyo iliyokuwa mama.

Nyumbani kwake kulikuwa na amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa za mbao, alizokuwa akizitumia kusikilizia kanda za kwaya. Vilikuwa bado vizima. Ila amplifaya ya aina ile haielewi simu za leo. Ndani ya simu, sauti ya mama si sauti, ni namba tu, msururu wa namba usio na mwisho. Lazima pawe na kitu katikati cha kuzigeuza hizo namba ziwe umeme unaopanda na kushuka kama pumzi ya mtu, ndipo amplifaya iupokee na spika zisukume hewa. Mafundi tunakiita DAC. Mimi nakiita kigeuzi, inatosha. Simu yangu haikuwa na tundu la waya wa masikioni, na kile kigeuzi kidogo cha bluetooth, kisichotumia waya, nilichokuwa nacho dukani kilikuwa kinakoroma na kumeza maneno ya mwanzo. Sikutaka mama akoromewe.

Nikaagiza vipande vyake Kariakoo, vikaja na basi: bodi tupu ya kijani, saketi moja nyeusi yenye miguu mingi, rezista, kapasita, soketi, na karatasi ya maelekezo yenye maandishi madogo ya kukera. Ningeweza kuagiza kilichokwisha kuundwa. Nilitaka kukiunga mwenyewe. Nilijiambia ni kwa sababu vya kuundwa ni vibovu, lakini ukweli ni kwamba mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kumfanyia mama, na kaburi lilikuwa limeshasakafiwa.

Basi ilikuwa msimu ule wa upepo wetu, ambao ukilaza kitu chepesi juu ya meza umekiaga. Nilifunga dirisha la kibanda, nikatundika khanga mlangoni, na bado rezista moja ndogo kama punje ya mtama ikapeperuka, nikaitafuta sakafuni kwa magoti huku mteja amesimama juu yangu anauliza kioo chake kimefika wapi. "Kaka yangu," nikamwambia, "ukikanyaga hapo ulipo, tutagombana mimi na wewe mpaka kiama." Akabaki ameinua mguu mmoja, maskini. Tuliipata chini ya kiatu chake kingine.

Nililehemu taratibu, mguu mmoja mmoja, nikikagua kila kiungo kwa lenzi. Kazi ya namna hiyo inanyamazisha kichwa. Moshi wa risasi ya kulehemia unapanda, unapuliza pembeni, unaendelea. Lakini kukijaribu kwa sauti ya mama sikuweza. Nilijaribu kwa pambio, nikajaribu kwa taarifa ya habari, kikafanya kazi vizuri kabisa. Kila kidole kilipofika kwenye ule ujumbe wa alizeti, kilirudi. Nilimwogopa mama yangu, jamani. Niliogopa kumsikia akiwa mzima.

Jumapili mchana nikakifunga kigeuzi ndani ya taulo, nikakitia kwenye hotipoti ili kisigongwe, nikapanda bodaboda kwenda Ilongero.

Mlango wa baba ulikuwa wazi, kama kawaida. Nyumba ile inatazama mashariki na upepo wetu unatoka hukohuko, kwa hiyo mlango ukiwa wazi, vumbi lote la barabarani linapitia sebuleni kwanza kusalimia. Baba anapenda uwe wazi aone wapita njia. Mama alitaka ufungwe. Waligombania mlango ule maisha yao yote, yeye anafungua, huyu anafunga, na sisi watoto tulikua tukidhani ndoa ndivyo ilivyo. Sasa hapakuwa na wa kuufunga. Vitambaa vya makochi vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na juu ya amplifaya ungeweza kuandika jina lako kwa kidole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umemleta?"

Hakusema umekileta. Nikajifanya sikusikia, nikaanza kufuta vumbi.

Niliunga waya wa simu kwenye kigeuzi, na waya mwekundu na mweupe kutoka kwenye kigeuzi kwenda kwenye amplifaya. Kuwasha tu, mvumo ukajaa chumbani kama nyuki wamehamia kwenye spika. Chaja ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikiuingiza. Nikaing'oa, nikakilisha kigeuzi kwa pawabenki, mvumo ukakatika. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, amevaa bado koti la kanisani. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeitwa ofisini.

Nikabonyeza. Nikatazama sakafu.

Mama akaongea, na hakuwa mama. Maneno yalikuwa yake, mkokoto ule wa maneno ulikuwa wake, lakini sauti haikuwa na kifua. Ilikuwa imetandazwa chumbani, tupu, haina mahali ilipo. Nilimtazama baba. Alikuwa amelisogeza mbele sikio lake zima, uso umekunjamana kwa kujitahidi, halafu polepole uso ukakunjuka, akajiegemeza nyuma.

"Siyo," akasema. Bila ukali. "Basi, mama. Umejitahidi. Asante."

Afadhali angenigombeza. Niliwaza labda sikio limeshakwenda, tumechelewa, nimekaa mjini nalehemu vipande huku sikio la mzee linajifunga. Nilitaka kukitupa kigeuzi nje kwenye mtama.

"Siyo nini?" nikafoka. "Baba, wewe si mwalimu? Mwimbaji akikosea unamwambia amekosea wapi. Niambie nimekosea wapi!"

Akafikiri. Akafumba macho, akaniashiria nirudie. Nikarudia kidogo.

"Ni kama nusu ya kwaya wanatoa pumzi na nusu wanavuta," akasema. "Zinakulana."

Nilimwelewa papo hapo, nikajiona mjinga. Nikachukua betri kwenye saa ya ukutani, nikachomoa waya za spika ya kwanza na kuzigusisha kwenye betri. Utando wa spika ukaruka mbele. Nikafanya vilevile kwa ya pili. Ule ukarudi nyuma. Moja ilikuwa inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na sauti nzito ndizo zinazofutana kwanza namna hiyo. Kila kilichokuwa mama kilikuwa kinaliwa hewani kabla hakijamfikia.

"Nani aliunga waya za spika hii?"

"Mimi," akasema baba. "Panya walizikata, siku nyingi. Nikaunga kwa waya wa umeme."

Waya wenyewe ulikuwa wa rangi moja pande zote mbili, chanya na hasi havijulikani.

"Umeunga kinyume, mwalimu."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu msiba. Lakini mimi nilizigeuza waya polepole, maana sababu nyingine ya kosa sikuwa nayo. Ikikataa na hapa, basi kilichokwisha ni sikio.

Nikabonyeza tena.

"Mwanangu, hujambo? Alizeti imeshakamuliwa, njoo na madumu."

Yesu wangu. Alikuwa pale. Alikuwa na kifua, na koo, na ule uvivu wake wa kumalizia maneno. Sakafu ilitikisika kwa lile neno madumu, nililisikia nyayoni. Sikugeukia ukuta safari hii. Nililia macho wazi na sikujifuta. Baba hakusogea hata kidogo, ila kidole chake kimoja kilianza kupiga gotini polepole, kama alivyokuwa akiwapa waimbaji mwendo.

Mama akaendelea. Nisilete madumu yenye harufu ya mafuta ya taa kama mwaka ule. Jogoo mweupe amekuwa mkorofi, ataliwa. Halafu ikafika pale katikati ambapo kwenye simu huwa pana upepo tu, mshindo wa upepo unaopiga maikrofoni, mahali ambapo mimi siku zote nilidhani amenyamaza avute pumzi.

Hakuwa amenyamaza. Alikuwa amegeuza uso. Nyuma ya upepo, chini, kwa sauti yake ya kifuani na kwa Kinyaturu, alikuwa akisema na mtu mwingine aliyekuwa humo ndani.

"Mwalimu, funga huo mlango. Vumbi linaingia kwenye chakula."

Kisha akarudi kwangu, akaendelea na habari za madumu.

Baba akainuka. Nilijua anatoka nje akalie nisipomwona, wanaume wa umri wake ndivyo walivyo, nikanyoosha mkono niizime simu. Hakutoka. Alikwenda mpaka mlangoni akishika viti, akauvuta mlango, ukalia bawabani kwa kutozoea, akasukuma komeo mpaka likaingia. Vumbi likatulia. Akarudi, akaketi, akaigeukia spika kwa sikio lake zima.

"Nimeshafunga," akamwambia.