Aliyepima Samaki Ni Verlene

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, na kambare wa kwanza wanamwagika kwenye tangi la barafu. Verlene Stampley anavua glavu ya mkono wa kulia, anazamisha vidole, anafumba macho kidogo.

"Thelathini na saba," anasema. "Na nusu, kama kuna mtu anataka ugomvi."

Mwenzake wa pembeni, Tamesha Gooden, anachomeka kipimajoto kwenye mnofu. Kinasoma nyuzi thelathini na saba na nusu za Farenihaiti. Wanawake wa laini ya pili ya kukata samaki wanaangua kicheko, maana mchezo huu wanauona kila siku na bado hawajauchoka.

"Bi Verlene, ukistaafu huo mkono unatuachia," anasema Tamesha. "Tutautundika ukutani."

"Mtautundika, halafu mtauletea bosi mpya umfundishe kazi."

Kicheko kinapungua. Hilo halikuwa la kuchekesha sana, na wote wanajua kwa nini.

Kwa kipimo hicho cha huku Mississippi, samaki akivuka nyuzi arobaini, yaani kama nne na nusu za Selsiasi, ameanza kuharibika, na mzigo mzima unaweza kutupwa. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili mtu anapima, anajaza fomu, na mwishoni, kwenye kisanduku chini ya neno "Aliyepima", anaweka herufi za mwanzo za jina lake. Kisanduku hicho, msomaji, kiweke akilini. Ndicho kilichomliza mwanamke huyu.

Verlene ana miaka hamsini na tisa. Aliingia kiwanda hiki, nje ya mji mdogo wa Tarver, akiwa na ishirini na minane, kisu mkononi na watoto wawili nyumbani. Ukumbini wanafanya kazi watu mia moja na arobaini, karibu wote wanawake, karibu wote weusi. Msimamizi wao huvaa kofia ngumu ya kijani. Katika miaka thelathini na mmoja ya Verlene, kofia hiyo haijawahi kukaa kwenye kichwa cha mwanamke mweusi.

Yeye aliitaka, na hafichi. Mshahara ulikuwa sababu mojawapo, maana yeye hulipwa dola kumi na tatu na senti kwa saa, na msimamizi ishirini na mbili. Lakini ukimuuliza sababu kubwa, anakuonyesha kwa kidevu upande wa pili wa meza ya chai, alikoketi rafiki yake Arzella Crump.

Mwaka 2019 glavu ya Arzella ilinaswa na mashine ya kuchuna ngozi. Verlene alipiga kelele kwamba laini isimamishwe. Haikusimama. Kwa kanuni za kiwanda, mwenye kofia ya kijani ndiye anayesimamisha laini, naye alikuwa nje kwenye gari lake akiongea na simu. Verlene alikimbia kumfuata. Waliporudi, Arzella alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili.

"Mimi nimeshasahau," anasema Arzella, akitikisa mkono wake hewani. "Vilivyobaki vinatosha kumkuna mume wangu. Mwenyewe mgongo umekonda siku hizi."

"Mimi sijasahau," anasema Verlene.

Nimeishi huku Delta, nyanda za pamba za Mississippi, mwaka wa kumi na nane sasa, na nimewasikia watu wengi wakisema wanataka uongozi. Huyu alitaka neno moja tu: akisema "simama", isimame.

Kazi aliijua. Wasimamizi watano waliomtangulia kwa cheo, yeye ndiye aliyewafundisha. Alimfundisha Pruitt, aliyeletwa mwaka 2006 kutoka duka la rangi. Alimfundisha Kyle Hatcher, aliyekuja na miaka ishirini na sita na kuanza siku ile ile kumwita "Verlene" kavukavu, huku wasichana wenye umri wake wakisema "Bi Verlene" kwa adabu. Aliwafundisha kumtambua samaki aliyeanza kuharibika kwa kutazama macho yake, kusikia kisu kikiwa butu, na kumpanga mtu mwenye mafua mbali na minofu.

Pruitt ndiye aliyeanzisha jambo la fomu. Hakupenda kuingia kwenye baridi. "Verlene, nijazie hizo," alimwambia. "Weka herufi zangu."

Verlene akaweka. Aliyemfuata Pruitt akaona mambo ni rahisi, naye akasema hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alipima, akaandika, na kwenye kisanduku cha "Aliyepima" akaweka herufi za mwanamume aliyekuwa ofisini anakunywa kahawa.

Nilimuuliza kama hakukasirika. Akanitazama kwa mshangao.

"Kukasirika? Nilishukuru Mungu. Nilisema afadhali jina lake kuliko langu."

Ili nielewe jibu hilo, ilibidi twende nyumbani kwake, kwa mama yake mzazi.

Bi Odessa ana miaka sabini na saba. Anakaa kwenye kiti cha jikoni, karibu na jiko, na hata kiangazi hataki kiti hicho kisogezwe. Mwaka 1962, yeye akiwa na miaka kumi na minne, mama yake Ludie alikwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Jina la Ludie likachapishwa gazetini pamoja na majina ya weusi wengine waliothubutu. Siku ya tatu mwenye shamba la pamba walilokuwa wakiishi akaja na watu wake, wakatoa vitu vyote nje.

"Jiko walilitoa likiwa bado la moto," anasema Bi Odessa. "Mkate wa mahindi ulikuwa ndani. Mvua inanyesha, jiko liko barabarani linafuka moshi, na mama yangu anajaribu kutoa mkate."

Baridi ya mwaka ule iliwachukulia mtoto mchanga. Bi Odessa hakunitajia jina lake, nami sikuuliza.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Bi Odessa alilea watoto wake sita kwa amri moja: usiweke jina lako kwenye karatasi ya mzungu. Likae midomoni mwa watu wako. Watoto walikariri amri hiyo pamoja na sala ya chakula. Kwa hiyo Pruitt alipomwambia Verlene aandike herufi zisizo zake, alimkuta mtu aliyeandaliwa tangu utotoni kusema ndiyo.

Mwezi Machi mwaka huu Hatcher alipandishwa cheo, na kofia ya kijani ikabaki kwenye msumari. Verlene akaomba nafasi. Ukumbi mzima uliomba naye. Tamesha alimsuka nywele Jumamosi kutwa. Mmoja akaleta bruchi, pini ya pambo la kifuani, ya marehemu mama yake. Arzella akamwazima viatu vyake vya kanisani.

"Ukishavaa hiyo kofia utatusalimia kweli?" Arzella alimtania.

"Wewe nitakuandikia barua ya onyo siku ya kwanza. Unakula kazini."

"Andika! Nitaifungia samaki."

Kwenye chumba cha usaili alikuta watu watatu. Meneja alikuwa na mafaili ya fomu za joto, miaka kumi na tisa, yamerundikwa mezani. Verlene anasema alipoyaona moyo ulimruka kwa furaha. Alijua kila ukurasa.

Meneja akafungua moja, akafungua la pili. "Verlene, hapa naona Pruitt. Hapa Hatcher. Wewe uko wapi?"

"Huo mwandiko wote ni wangu, bwana."

Bibi wa ofisi ya wafanyakazi akaweka kalamu chini. Akamweleza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kuweka herufi za mtu mwingine kwenye fomu za usalama wa chakula ni kughushi, na mtu anayekiri kughushi hawezi kubaki kazini. Kisha akamuuliza kama angependa kurudia jibu lake.

Niseme kweli, nilipofika hapa kwenye simulizi yake niliacha kuandika. Wanaume watano waliomwagiza hivyo hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Verlene alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu, na dawa za mama yake hulipiwa na bima ya kazi hiyo.

"Nikanyamaza," anasema. "Nilikaa pale na viatu vya Arzella vikinibana, nikanyamaza."

Kwenye karatasi ya majibu, mbele ya maneno "uzoefu wa usimamizi", waliandika: hakuna.

Nilipompigia meneja, hakutaka mahojiano. Alituma ujumbe mfupi kwamba kiwanda kinapandisha watu vyeo kwa sifa zao.

Siku ile wenzake hawakumuuliza kitu. Walimwona uso, wakajua. Arzella alimfunulia sahani ya mifupa ya shingo ya nguruwe na wali, akamsogezea. "Kula, mwenzangu. Na usilie juu ya wali, nimeshatia chumvi."

Lakini jioni ilikuwa ngumu zaidi. Bi Odessa alikuwa anamsubiri jikoni amevaa gauni zuri. Verlene alimweleza yote, mpaka swali la "Wewe uko wapi?". Mama mtu akajifunika uso kwa aproni.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufuta."

"Ulikuwa unatulinda, Mama."

"Nilikuwa nawalinda, ndiyo. Na nimekufuta."

Verlene ananiambia kukosa kofia kulimuuma, lakini maneno hayo mawili ya mama yake yalimvunja kabisa.

Jumatatu baada ya Pasaka, bosi mpya akaingia na kofia ya kijani. Anaitwa Brady Nolan, ana miaka ishirini na minne, na kabla ya hapo alikuwa akiuza vipuri vya trekta. Si mtu mbaya. Hata Arzella anakiri. Verlene akaanza kumfundisha. Siku ya pili Brady akapuliza viganja vyake na kusema, "Verlene, nijazie hizo."

Akajaza. Kalamu ikafika kwenye kisanduku. Akaandika V.S.

Brady akaitazama. "Umekosea. Huyu siye mimi."

"Najua siye wewe. Pameandikwa 'Aliyepima'. Wewe ulipima?"

Kijana akainua mabega, akaenda zake. Hakukutokea lolote zaidi ya hapo. Kwa jambo hilo Verlene alikwenda chooni akalia, kwa kuwa lilikuwa rahisi kiasi hicho.

Tangu mwezi Agosti vipimo vya mchana anapima Tamesha, mwenye miaka ishirini na tisa, na anaandika T.G. Kila ukurasa anaupiga picha kwa simu kabla haujapelekwa ofisini. Amri hiyo ni ya Bi Verlene, na ukisahau utasikia.

"Atanitoa roho kwa herufi mbili!" Tamesha analalamika.

"Hizo mbili ndizo zilizonikosesha mimi. Piga picha."

Verlene anaondoka tarehe kumi na tisa Desemba. Anajua kofia hiyo hataivaa. Kofia itakapobaki tena kwenye msumari, na haikai kichwa kimoja zaidi ya miaka minne, anataka Tamesha aingie chumba kile na jibu la swali lile mkononi. Na siku yake ya mwisho ana mpango mdogo: kipimo cha mwisho ataandika jina lake zima, Verlene Odessa Stampley. Litatoka nje ya kisanduku, na amesema litoke. Tamesha atalipiga picha, ipelekwe jikoni kwa Bi Odessa alione.

Kwa sasa, kila jioni Verlene akifungua mlango, mama yake humuuliza kutoka kwenye kiti chake, na siku niliyokuwapo nilisikia kwa masikio yangu.

"Umeliandika?"

"Nimeliandika, Mama."

Bibi huyo alinyoosha mkono taratibu, akaugusa ubavu wa jiko.

"Na hawajaja?"

"Hawajaja, Mama. Jiko liko ndani."