Kona Isiyoonekana Kwenye Picha

Ilianza Jumanne, saa nne kamili asubuhi, Februari 1979. Nilikuwa nyumbani kwa sababu bwenini kwetu shuleni walikuwa wanalala wanajeshi. Mwenyekiti wa kijiji alitokea na kijana wa wilayani mwenye kamera shingoni. Walitaka picha ya ndani ya nyumba bora, ikatundikwe ofisini wilayani, watu waone ujamaa umetufikisha wapi.

Nyumba yetu ilichaguliwa kwa kuta zake nyeupe. Kaka ndiye aliyezipaka chokaa, wiki moja kabla ya kwenda vitani na mgambo wenzake.

"Shikamoo, mama," mpiga picha alisema, akaingia, akageuka huku na huku. "Mh! Chumba kama kiberiti. Nikisimama mlangoni napata ukuta mtupu. Labda nisimame ile kona. Kitanda kitoke."

Kitanda kilikuwa cha kaka. Chini yake zilikuwa nyasi alizozitandika mwenyewe, zimekauka, zimeingia vumbi. Mama hafagii alipolala mtu aliyesafiri mpaka arudi, na bibi alikuwa hivyo hivyo. Mama akaniambia kwa Kihangaza, lugha yetu, niwaeleze, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu.

Mimi si mzoefu wa kusema mbele ya wageni. Lakini nilisema, nikitazama viatu vya yule kijana: "Mama anaomba hapo pasiguswe. Kaka yuko vitani. Hapafagiliwi mpaka arudi."

"Wee binti!" mwenyekiti akanikatiza. "Wewe si wa sekondari? Ndio ushirikina mnaofundishwa huko?"

Mpiga picha alicheka, nadhani kwa wema. "Mwambie mama asihofu. Mimi nitasimama palepale, kwa hiyo kona yenyewe haitaonekana kwenye picha."

Hilo sikumtafsiria mama.

Kitanda kikatolewa uani. Mama alikataa kufagia, basi mwenyekiti akashika ufagio mwenyewe, akazisukuma nyasi za kaka hadi nje, akazimwaga kwenye migomba. Mpiga picha akabana mgongo pembeni pale.

"Mama, cheka kidogo! Wilaya nzima itakutazama."

Mama hakucheka. Taa ya kamera ikawaka, wakaaga, wakaenda zao. Kitanda hawakukirudisha.

Kesho yake alfajiri nilikwenda migombani. Nyasi zilikuwa zimechanganyika na majivu na maganda ya viazi. Nilizichambua, nikazirudisha ndani kwa ungo.

"Toa hizo," mama alisema.

"Mama, ni zile zile."

"Zilikuwa za mwanangu. Sasa ni takataka."

Nilizitandika pale pale, nikakikokota kitanda peke yangu mpaka kikakaa juu yake. Kisha nikauchukua ule ufagio, nikauvunja vipande viwili, nikautia motoni, nikachemshia uji wa mama.