Ndege wa Mfalme Jikoni kwa Jirani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Kazi yangu ni kutoa vitu katika nyumba za watu waliokufa hapa Brussels, na camion zangu tatu za kubeba mizigo nilizinunua bila diploma ya mtu. Nimekuta meno ya dhahabu ndani ya kopo la sukari. Nimekuta nyoka hai bafuni. Nilicheka, nikaendelea na kazi.

Lakini mwaka 2018, pale depo yangu, kati ya vitu vya marehemu mmoja, nilikuta pasi ya nguo. Pasi nzito, kamba yake ya kitambaa cha kijani, mshikio umeungua upande mmoja. Rafiki yangu, nilikaa chini.

Ilikuwa pasi ya jirani yetu wa zamani katika mtaa wa Jette, maman Mfilipino aliyetutunza sisi watoto kila Jumatano mchana, shule ikifungwa mapema na mama yangu akiwa kazini hospitali. Euro ilikuwa mpya wakati ule. Jiko lake lilinukia siki, kitunguu saumu na mashati ya moto ya mabwana wa ofisi za Ulaya kule Schuman. Alipiga pasi huku akitamka mashairi ya kwao ya kale, ya wakati Wahispania wakiwatawala: mizani sita, pasi inagonga meza, to!, mizani sita tena. Mistari minne, kina kimoja. Shule ilinishinda, lakini hesabu ile hakuna professeur wa kunidanganya.

Alituambia mapadri walikagua kila kitabu, basi waandishi wakaificha hasira yao katika hadithi za wafalme wa mbali. Wengine walifungwa. Riwaya moja ilichapwa hapa hapa Ubelgiji, mji wa Gand, nusu saa kwa treni. "Siku moja nitaenda kupaona," alisema. Hakuenda. Mashati hayakuisha.

Tulichopenda zaidi ni mchezo wa matanga ya kwao. Mmoja anakuwa mfalme, ndege wake amepotea. Anakushtaki, nawe ujitetee kwa shairi papo hapo. Ukishindwa, unamwombea marehemu sala. Jirani alininyooshea mwiko, akisema Kifaransa: "Wewe! Ndege wangu yuko wapi?"

Nikajibu kwa Kiswahili chetu: Sikuona ndege, nakula muchele.

Akahesabu kwa vidole mpaka kumi na mbili, akapiga makofi. "Bon, sielewi hata kidogo, lakini umeshinda, mwizi wee!" Akaniuliza maana yake, akaucheka mstari wangu, akauandika katika daftari lake jekundu, pamoja na mashairi ya nyanya yake ambayo hayakuwa yameandikwa popote pengine.

"Daftari jekundu liko wapi?" niliwauliza wafanyakazi wangu siku ile pale depo, pasi mkononi.

Mkubwa wao, Murundi, alinishangaa. "La ile nyumba ya Koekelberg? Makaratasi yote tuliuza kwa kilo, patron. Si ni wewe ulisema karatasi isifunguliwe?"

Ni mimi. Ndiyo maana nina hasira mpaka leo. Mwenye nyumba alinipigia simu, "Hana familia, tupa vyote," nami sikuuliza hata jina la marehemu. Koekelberg! Kumbe alihamia huko, dakika kumi kutoka kwangu, miaka yote ile, na mimi nikijisifu kwamba ninajua Brussels nzima. Amezikwa bila hata mtu mmoja wa kuulizwa ndege yuko wapi. Safari hii mfalme angenishtaki kwa haki, na jibu singekuwa nalo.

Nilikimbia kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu. Zilikuwa zimeshabanwa marobota, lori la kiwanda linapakia.

"Robota zima ama hakuna kitu," alisema yule mnunuzi, kijana wa Lubumbashi. "Alors, tonton, sasa unanunua takataka yako mwenyewe?"

Nililipa. Nikalipasua kwa mikono, mimi patron, bosi mzima, nimepiga magoti siku nzima kwenye saruji ya depo. Nilipata nusu ya daftari, bila jalada. Beti tisa za nyanya yake zimepona. Nyingine nyingi hazipo tena duniani. Mstari wangu upo. Zile beti nazisoma bila kuelewa neno, nikigonga meza katikati, to!, na hakuna wa kuniambia kama nimehesabu vizuri.

Vijana wangu waliziuza karatasi zile kwa euro kumi na nane. Kuzirudisha kulinigharimu euro sabini na mbili na senti arobaini.