Kadi Kumi na Mbili za Shangazi

Niseme ukweli tangu mwanzo: aliyemcheka shangazi kuliko watu wote ni mimi. Nauza kamera na simu dukani, kaunta ya pili ukiingia, na mtu akinibishia mambo ya kamera huwa napandwa na hasira upesi. Sasa anayekubishia awe shangazi yako, tena mbele ya wateja! Weee!

Shangazi alipiga picha za filamu miaka thelathini. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti cha kuzunguka, na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani maana vinne vya mwanzo viliondoka na wateja. Kila mwaka ndiye aliyepiga picha za vitambulisho vya wanafunzi wa sekondari iliyo nyuma ya soko. Halafu filamu zikaadimika, na mtaani akatokea jamaa mwenye kamera kubwa kama tofali. Tulimwita Bwana Megapikseli, kwa sababu hakuweza hata kukusalimia bila kutaja megapikseli.

Mwalimu mkuu akakata shauri. Madarasa ni kumi, kila mpiga picha achukue matano, na wapige Jumatatu hiyo moja tu, maana masomo hayasimamishwi mara mbili. Atakayeleta picha zote Ijumaa bila sura hata moja kukosekana, kazi ya shule ni yake moja kwa moja. Shangazi akikosa kazi hiyo, anafunga studio. Alilijua hilo yeye, nililijua mimi.

"Nitafutie kamera ya kisasa," akaniambia. Nikamshushia yenye megapikseli nyingi kuliko zote kabatini. Hata hakuigusa.

"Picha ya kitambulisho ni kama stempu. Hizo megapikseli nizipeleke wapi? Niambie inatumia betri gani."

"Ina betri yake maalumu, shangazi. Unaichaji."

"Ikizima nikiwa shuleni, nachomoa ya nani?"

Nikanuna, nikampa ndogo inayotumia betri nne za kawaida, zile za mviringo. Kesho yake asubuhi karudi moto. "Umeniuzia kopo! Picha saba tu, imekata roho!" Nikaifungua. Lahaula! Kaweka betri za redio, zile za bei ya chee. Nikapaza sauti bila adabu, Mungu anisamehe, nikamweleza kwamba redio hunywa umeme kidogo kidogo, lakini kamera hugugumia kwa mkupuo, hasa ikiwaka taa. Inataka betri nzuri za kuchaji. Akachukua seti nne na chaja, akaziandika namba kwa rangi ya kucha ili asichanganye zilizojaa na zilizokwisha.

Zikaja kadi za kuhifadhia picha. Nikamwonyesha moja kubwa inayomeza shule nzima na nafasi ikabaki. Akakataa katakata. Alitaka ndogo kumi na mbili, zile zilizokuwa zikila vumbi chini ya kaunta.

"Darasa moja, filamu moja. Mbili za akiba."

"Shangazi, madarasa yako ni matano tu! Tena hii si filamu!"

Aliitikia, lakini wapi! Alipotaka kujaribu kadi ya kwanza alijifunika mtandio kichwani, yeye na kamera, mwanga usiingie. Bwana Megapikseli alikuwapo dukani siku hiyo. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, ukimaliza utaziosha na dawa?" Nami nikacheka naye, mpuuzi mimi.

Jumatatu ya kazi, umeme ulikatika shuleni tangu asubuhi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kupanga foleni. Shangazi alipiga darasa, akajifunika mtandio, akatoa kadi, akaitia kwenye kikopo cha plastiki cha filamu za zamani na kukiandika jina la darasa. Mwendo wake ulikuwa wa pole mpaka nikatamani kumsukuma. Upande wa pili, Bwana Megapikseli alikuwa na mbwembwe zake, kila mwanafunzi anaonyeshwa sura yake kwenye kioo cha kamera, vicheko, rudia tena, kioo kinawaka muda wote.

Alipofika darasa lake la tano betri ikaanza kumlilia. Akashikwa na kiherehere, akachomoa kadi wakati taa nyekundu bado inapepesa, yaani kamera ilikuwa katikati ya kuandika. Aliporudisha, kamera ikagoma kuisoma. Madarasa matano yote yalikuwa humo. Betri nayo ikazima, na pa kuchaji hapakuwapo.

Moyoni nilishangilia, sifichi. Ila furaha yangu ilikuwa fupi. Mwalimu mkuu alipokagua vikopo vya shangazi kwenye kompyuta yake ya mkononi, kadi ya darasa lake la tatu nayo haikufunguka. Kwisha habari yetu!

"Iliyogoma ni hiyo peke yake?" shangazi akauliza.

"Peke yake, mama."

"Basi niitieni hao watoto."

Nikatoka mbio kuwaita. Wanafunzi thelathini na tisa walirudiwa kabla ya mapumziko, kwenye kadi ya akiba. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kadi yoyote inaweza kufa, kubwa kwa ndogo, ila yeye alikuwa amepoteza darasa moja na mwenzake amepoteza yote.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mama, na haya madarasa mengine matano?"

"Kadi ninazo," akasema shangazi, akaweka betri seti ya tatu.

Alasiri alifunga kikopo cha mwisho huku seti ya nne ikiwa bado na nguvu. Ijumaa picha zilifika zote, mwalimu mkuu akazipitia orodha mkononi, hakukosekana mtu. "Kazi ni yako, mama," akasema. Nilipiga kigelegele humo humo ofisini, na aliyetaka kununa alinuna.

Jumamosi Bwana Megapikseli akaja dukani, mpole kama si yeye.

"Dada, zile kadi ndogo zimebaki?"

"Unataka ngapi?"

"Kumi." Akatazama nyuma, akainamia kaunta. "Na vile vikopo, shangazi yako anavipata wapi?"

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia. "Anavyo vya miaka thelathini."