Wifi Alivyonifundisha Kushuka Kilima

Mwaka niliohamishiwa shule iliyo ng'ambo ya kilima, nje kidogo ya Bariadi, nilinunua baiskeli ya gia. Mwenye duka pale mjini, mzee mcheshi, alilizungusha gurudumu la nyuma mbele yangu akasema, "Hii ni ya milimani, mwalimu. Wewe kaa tu, yenyewe itakufikisha." Nikamwamini. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na sikuwahi kuendesha baiskeli mahali penye mteremko.

Kilima chenyewe si kirefu, ila njia yake ni mawe matupu. Juu kuna mizizi, katikati mwamba umekatika kama ngazi, na chini kuna kona kali yenye kokoto, kando ya uzio wa minyaa. Kwa wiki mbili nilikuwa nashuka nikiikokota baiskeli. Siku moja nikachelewa, nikasema leo najaribu. Nilipofika kwenye ngazi ya mwamba niliogopa, nikabana breki zote mbili kwa nguvu. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea na safari. Darasa la sita walikuwa wakifagia uwanja pale chini. Walikuja mbio wakaniinua, wakaokota madaftari, wakaniambia "pole mwalimu" kwa adabu kubwa, kisha wakaenda kuchekea nyuma ya choo.

Kufika jioni, wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na habari zote. Yeye ni muuza samaki. Hupokea sato na dagaa wanaoletwa na gari kutoka Lamadi, akawafunga ndani ya tenga kwenye keria, na kuzunguka nao vijijini kwa baiskeli nzito isiyo na gia hata moja. Ujanani alikuwa akishindana mbio za baiskeli za wanawake, na alizoea kushinda.

"Wifi," alisema kabla hajakaa, "nasikia leo umelima kwa kidevu."

"Nicheke tu."

"Nimeshacheka njiani. Kesho jioni tukutane uwanja wa mpira. Na usije na sketi hiyo."

Nilidhani tutaenda moja kwa moja kilimani. Wiki nzima hatukukisogelea. Aliniamuru nizunguke uwanja nimesimama juu ya pedeli, zote mbili usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea. Mimi nilikuwa nimekauka kama mti.

"Unaushika usukani kama umemkaba mwizi! Legeza!"

Akapanga mawe, nipite katikati yake. Nikagonga la kwanza, nikagonga la pili.

"Unaangalia wapi?"

"Naangalia jiwe, nisiligonge."

"Ndiyo maana unaligonga. Baiskeli inafuata macho. Angalia pale unapotaka kupita, jiwe liache na maisha yake."

Nilijaribu, nikapita. Nilishangaa mpaka nikasahau kukata kona, nikaingia golini.

Siku ya breki ndipo tuligombana. Alichora mstari kwa kisigino, akataka nije kasi nisimame hapo bila gurudumu kuburuta. Nyuma kwanza, ya mbele taratibu, kiuno kirudi nyuma, macho mbele, viwiko nje! Yote aliyasema kwa pamoja, kwa sauti ya kufukuza ng'ombe kwenye shamba la pamba. Mara ya sita nikaitupa baiskeli chini.

"Mimi ni mtu mzima, wifi. Usinifokee."

Nikakokota baiskeli yangu nyumbani, na usiku ule sikupata usingizi mzuri, maana wifi huyo ndiye aliyenipokea vizuri kuliko wote nilipoolewa.

Kesho yake nilimkuta uwanjani, amefika kabla yangu. Amekaa juu ya jiwe, amepandisha suruali, ananionyesha makovu ya magoti.

"Hili ni la Malampaka, nilivuka reli vibaya. Hili sikumbuki la wapi. Mimi hakuna aliyenifundisha, wifi. Nilijifunza kwa kuanguka. Kufundisha kwa upole sijui kunaanzia wapi."

Nilikaa karibu yake. Kufundisha ndiyo kazi yangu, nikamweleza ninavyofanya darasani: jambo moja kwa wakati mmoja, mtoto akiliweza ndipo unampa lingine.

"Moja tu?" aliuliza, kama anayeona ni uvivu.

"Moja tu."

Jioni ile alinipa breki ya nyuma peke yake. Kesho yake ya mbele, kwa kidole kimoja. Siku ya tatu nikasimama juu ya mstari na kokoto halikuruka.

Kilima tulikikata vipande. Tulianza na kona ya chini, tukairudia mpaka nikaichoka. Halafu ngazi ya mwamba, yeye amesimama kando ananiambia neno moja: "Kiuno." Mizizi ya juu ikawa ya mwisho. Jumamosi moja asubuhi akasema, "Haya, unganisha."

Nilisimama juu ya pedeli nikaachia. Mizizi ikanitikisa mpaka meno. Kwenye mwamba nilirudisha kiuno, gurudumu likadondoka, likagusa, likaendelea. Nikatoka kwenye kona na hapo mbele, njia nzima, ng'ombe! Nikabana taratibu, nyuma, kisha mbele, nikasimama hatua tatu kutoka kwenye pembe za dume. Mchungaji, mwanamume wa makamo, alinitazama kwa utulivu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka," nikajibu, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Kule juu wifi alikuwa anapiga vigelegele.

Siku hizi Jumamosi tunakuwa wanawake sita uwanjani. Yupo muuguzi wa zahanati, yupo fundi cherehani, yupo mama mchungaji wa kanisani ambaye hushuka akiomba kwa sauti. Wifi sasa ana daftari; kila mmoja ameandikiwa jambo lake la wiki. Wiki iliyopita muuguzi aliingia kwenye mwamba akipiga kelele kwa Kisukuma, na wifi akakimbia kando yake njia nzima, kanga inapeperuka, akimwambia polepole, "Kiuno, mwanangu. Kiuno tu. Mengine tutayaona kesho."