Kigoroli cha Mita na Zabibu za Mwisho za Ipagala

Shamba la zabibu la shangazi yangu lilikuwa Ipagala, pale ambapo leo pana nyumba za kupanga na geti jekundu. Viwanja vilipopimwa alivuna kwa mara ya mwisho, tukazipeleka zabibu kiwandani nilikokuwa nafanya kazi. Mvinyo wake haukufika hata nusu ya tangi.

Ile nafasi tupu ndiyo iliyoninyima raha. Hewa ikikaa juu ya mvinyo, unageuka siki, kwa hiyo tulikuwa tunaifukuza kwa naitrojeni. Wiki ile naitrojeni ikaisha, ukaletwa mtungi wa mchanganyiko, nusu naitrojeni, nusu hewa ukaa. Mimi na haraka zangu za kuzaliwa nazo, nikafungua mpaka kigoroli kinachoelea ndani ya kioo cha mita ya gesi kikapanda kwenye kumi kama kawaida, nikatazama saa ili nifunge baada ya dakika zilezile za siku zote.

"Ongeza, dada," akasema mwenzangu wa gesi na mabomba, Mrangi wa Busi, mtu wa swala tano asiyewahi kuonja mvinyo.

"Kumi si hiyo hapo? Huoni?"

"Naiona. Lakini mita ilipimwa kwa naitrojeni. Gesi hii nzito zaidi, inakisukuma kigoroli juu kuliko kawaida. Ikisema kumi, inayopita ni kama tisa."

Nikamwambia asinichoshe, yeye hata hanywi. Akacheka.

"Sinywi. Ila shangazi yako havuni tena."

Hapo nikanywea. Tukakipandisha kigoroli kupita kumi na moja kidogo, tukakaa tunakitazama kinavyotetemeka, huku akinisimulia habari za mahindi ya kwao. Asikuambie mtu, nayakumbuka sana mazungumzo yale. Siku hizi amerudi Busi kulima, na mimi nimebaki na wenzangu wa kuchungulia simu.

Mvinyo ulipokomaa nikamwita shangazi. Mwenzangu akamwamkia shikamoo, akasimama mlangoni, mikono nyuma, utadhani anasubiri majibu ya mtihani. Shangazi akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Ni zenyewe," akasema.

Tangu shamba liondoke, alikuwa anazunguka mtaa wa pili ili asipite pale. Jioni ile akaniambia, "Nipitishe pale shambani." Tukasimama mbele ya lile geti jekundu. Akaligusa.

"Mstari wa kwanza wa mizabibu ulianzia hapa," akasema.