Ndoo Saba za Maji ya Chumvi kwa Baiskeli ya Mzee Amour

Saa mbili kasorobo asubuhi, Badria Makungu anapindua baiskeli. Siti na hendeli zinagusa sakafu, magurudumu yanabaki hewani kama miguu ya kasa aliyelazwa chali. Anachukua ndoo ya maji aliyoyakoroga na chumvi nusu kilo, anayamwaga yote kuanzia gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Hambakizi hata tone.

Baiskeli hii ni ya umeme. Ameiunda mwenyewe hapa Mikunguni, Ng'ambo, kwenye kibaraza alichokizungushia bati. Ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele mna mota. Fundi mwingine angeipitishia kitambaa kikavu. Badria anaiogesha, na leo ni siku ya saba mfululizo.

"Ikifa, ifie mikononi mwangu," anasema huku akikamua ncha ya kanga iliyolowa. "Isifie kwa Mzee Amour mara ya pili."

Mzee Amour Kheir ni muuza mikate ya boflo wa kijiji cha Matemwe, na leo saa nne anakuja kuichukua.

Badria ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu na stashahada ya umeme. Kwa miaka tisa alitengeneza viyoyozi na mapampu ya maji katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Wenye hoteli walikuwa na tawi ufukweni, na siku moja walitaka kuondoa baiskeli za wageni zilizoliwa na kutu. Ni zile zenye matairi manene na hendeli zilizopinda kama pembe za ng'ombe, ambazo mpandaji hukaa wima kama yuko kitini. Mafundi wanaziita kruza. Badria alinunua kumi na sita, kila moja shilingi elfu sitini, akazirundika uani. Mama yake alimuuliza kama anafungua jaa.

Ya kwanza aliifunga mota kwa ajili yake mwenyewe, apeleke watoto skuli asilowe jasho kabla ya kazi. Majirani wakaiona. Akaja mwalimu, akaja muuza samaki wa Darajani, na baada ya mwaka mmoja Badria akaaga hotelini. Mpaka sasa ameshatoa kumi na moja.

Wateja wapya bado wanamwuliza fundi yuko wapi. Jibu lake ni lile lile.

"Umeshamwona. Sema shida yako."

Kazi yenyewe si ya haraka, humchukua siku tisa mpaka kumi na mbili. Anaisugua fremu mpaka chuma kionekane, kisha anaipaka rangi. Anafumua spoku zote za gurudumu la mbele na kulisuka upya kuizunguka mota. Mota haiweki nyuma, kwa sababu kruza breki yake iko kwenye pedeli, ukikanyaga kwa kurudi nyuma inasimama. Ukigusa gurudumu la nyuma umeondoa breki.

"Watu wanataka mwendo," anasema. "Mimi nataka kwanza isimame."

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja Mzee Amour. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akigawa boflo kwa baiskeli, mia moja na ishirini kila asubuhi, kutoka Kigomani mpaka Muyuni. Maji yakitoka hupita ufukweni, mchanga ukiwa mgumu. Yakijaa hupita barabarani. Siku njema humwachia elfu kumi na tano. Lakini goti la kulia lilikuwa limeanza kuvimba, na daktari alimwambia aache kukanyaga pedeli.

Binti yake, Ummy, alimwomba ampe kijana mwingine njia ile, akae nyumbani. Mzee hakutaka kukaa nyumbani.

"Nikikaa, ntamsumbua mama yako tu," alimwambia Ummy, na mama mtu akasema hapo kweli.

Badria alimpatia kruza ya kijani, nyuma sanduku la mbao la mikate, chini ya fremu betri na kile kisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota. Kisanduku kile alikitoboa tundu dogo chini, ili maji ya mvua yakiingia yapate pa kutokea. Chuoni walifundishwa hivyo, na kwa baiskeli kumi za mjini utaratibu ule haukuwahi kumwangusha. Alimkabidhi mzee akamwambia neno moja: aitunze.

Baada ya wiki tatu baiskeli ilirudi mjini juu ya paa la gari, imefungwa kamba, kimya kabisa. Mzee Amour alishuka nayo akasimama pale kibarazani kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Badria anakiri kwamba hakumpokea vizuri. Baada ya shikamoo na marahaba alimwuliza moja kwa moja ameifanya nini. Mzee akasema hajaifanya kitu, ameiosha tu. Ameiosha vipi? Kama baiskeli inavyooshwa. Badria akamtaka aoneshe. Mzee akaikamata ile kruza, akaigeuza miguu juu, akaomba ndoo.

"Hapo nkakaa chini," anasema Badria.

Matemwe, na pwani yote ya mashariki, baiskeli iliyopita ufukweni hailali na chumvi. Jioni hupinduliwa, ikamwagiwa maji ya kisima kuanzia magurudumu, ikasuguliwa cheni kwa makumbi ya nazi. Asiyefanya hivyo huonekana mvivu, na mwakani hana baiskeli. Mzee Amour alikuwa ameiosha mashine yake kila siku ya Mungu, kwa bidii kuliko baiskeli yoyote aliyowahi kuwa nayo. Na kila alipoipindua, lile tundu la kutolea maji lilitazama juu. Likawa mdomo.

"Chuoni walinifundisha maji yanakwenda chini," anasema. "Hawakunambia kuwa baiskeli ya Matemwe inalala chali kila jioni. Nilimwambia aitunze, na yeye akaitunza. Kosa langu."

Mzee Amour hakugomba. Alisema jambo moja tu, kwa upole uliomchoma Badria kuliko matusi. Alisema akirudi tena ameibeba, basi atamsikiliza Ummy, njia ampe kijana.

Badria alikataa kuchukua hata senti kwa matengenezo. Pia alikataa ushauri wa mafundi wenzake wawili, waliosema amwambie mzee aache kuiosha.

"Huwezi kumwambia mtu wa pwani asioshe baiskeli. Ni sawa na kumwambia asinawe mikono. Atakuitikia, naam, naam, kisha ataiosha."

Akaivunja yote akaanza upya. Safari hii betri na kile kisanduku cha umeme viko pamoja ndani ya sanduku moja la bati lililokunjwa na mafundi wa Darajani, limezungushiwa mpira pembezoni, lina mkono juu kama birika. Unalichomoa kwa mkono mmoja, unaliweka ndani ya nyumba, kisha unaiosha baiskeli utakavyo. Kilichobaki kwenye fremu ni mota, nyaya na soketi, na humo ameshindilia grisi na silikoni mpaka binti yake akamwuliza kama anapamba keki.

Kisha zikaja ndoo saba. Kila asubuhi maji ya chumvi, kila jioni maji ya bomba, miguu juu, makumbi kwenye cheni. Jaku, fundi viatu wa mlango wa pili, ndiye anayepokea sanduku la betri kabla ndoo haijamwagwa. Hulishika kifuani kama amepewa mtoto mchanga, na kila siku hukumbusha kuwa halipwi.

Saa nne na robo Mzee Amour anafika, kanzu safi, kofia ya kazi ya mkono, mfuko wa boflo mbili za zawadi. Ummy yuko naye. Amekuja kushuhudia, anasema, wala hafichi upande aliopo.

Badria hamkabidhi baiskeli. Anamkabidhi ndoo.

"Ioshe, Mzee Amour. Kama nyumbani."

Mzee anavua kanzu, anabaki na fulana na msuli kiunoni. Anachomoa sanduku la bati kama Badria anavyomwonesha, anampa Jaku, na Jaku analiweka. Anaipindua baiskeli taratibu, goti lisimuume. Kisha anaosha. Anaingiza vidole katikati ya spoku, anasugua ringi, anamwaga maji pale pale kwenye kitovu, ndoo moja, ya pili, ya tatu. Badria amekunja mikono. Siku zote saba hakuwahi kumwaga zaidi ya moja kwa mara moja.

Mzee anaisimamisha, anaipangusa, anakaa kitini na kuzungusha mkono wa hendeli.

Gurudumu halisogei.

Anazungusha tena. Kimya. Ummy anatazama chini. Badria anapiga magoti kwenye maji, anashika waya wa mota, anafuata kwa vidole mpaka kwenye soketi. Mzee anaanza kushuka, mguu mmoja mmoja.

"Bi Badria," anasema Jaku kutoka mlangoni kwake. "Hili sanduku juu ya meza yangu ni la nani?"

Wa kwanza kucheka ni Ummy. Sanduku linachomekwa, linalia klik, na kruza ya kijani inaondoka na Mzee Amour mpaka mwisho wa uchochoro, inageuka kwenye duka la mkaa, inarudi. Hakukanyaga pedeli hata mara moja, ila pale aliporudisha miguu nyuma kusimama.

"Betri ntaiweka kitandani," anamwambia binti yake. "Asubuhi siwezi kuisahau."

"Na mama alale wapi?"

"Tutajibanza."

Ummy anaingia dukani kwa Jaku kuomba kamba ya kufungia baiskeli juu ya gari. Suala la kijana mwingine halitajwi tena.

Uani kwa Badria zimebaki kruza tano. Anataka kujenga karo la saruji mbele ya kibaraza, ili kila mteja aioshe baiskeli yake hapo, kwa mazoea yake, kabla ya kuondoka nayo. Anakadiria mifuko mitatu ya saruji, na mmoja ameshaununua.

Ya kumi na mbili imeshapata mwenyewe. Ni Bi Mwanapili, mkulima wa mwani wa huko huko Matemwe, anayetaka kubebea magunia kutoka ufukweni mpaka kwenye vichanja vya kuanikia. Ametuma ujumbe kupitia kwa Mzee Amour akiuliza kazi itaanza lini.

Badria hajagusa spoku hata moja. Alhamisi anapanda gari kwenda Matemwe, mikono mitupu.

"Kwanza nikamtazame anavyoiosha."